Simba Ana Mimba!

Mwezi uliopita tuliongea kuhusu mawifi, na jumbe zenu nimezisoma zote, nyingine zimenichekesha mpaka machozi. Mwezi huu tuongelee vitu ambavyo mwenzio anakuja navyo kwenye ndoa. Kuna anayekuja na mtoto. Kuna anayekuja na madeni. Kuna anayekuja na mama yake mzazi na begi la mama yake mzazi. Mwenzenu mume wangu alikuja na nyoka.

Jamani msifunge jarida! Nisikilizeni kwanza.

Wengi mnajua kwamba nilimfuata mzee wangu hapa Leicester, Uingereza, mwaka 2017, baada ya kusubiri makaratasi kwa miaka minne. Miaka minne ya mapenzi ya simu! Kila jioni ananipigia, ananiambia, "Mke wangu, nipo tu na Simba hapa." Mi nikawa najua anaongelea timu. Mtoto wa Ilala, Simba damu damu, nikajua yupo kwenye televisheni anaangalia mpira. Mwenzenu ni Yanga wa kuzaliwa, basi nikawa namtania, "Endelea na huyo Simba wako, nikija nitamfukuza."

Siku nimefika nyumbani, sijavua hata koti, nakuta sebuleni kizimba cha kioo kirefu kama meza ya kulia. Ndani yake kuna kitu chekundu cha rangi ya chungwa, chenye mabaka, kimejikunja. Kikanyanyua kichwa kikanitazama. Mume wangu anatabasamu mpaka masikioni: "Karibu, mke wangu. Huyu ndo Simba."

Kelele niliyopiga, majirani waliwasha taa.

KWANZA MJUE NI NYOKA GANI

Simba ni wa aina ambayo Waingereza wanaiita nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, huko wanapatikana karibu na maghala ya mahindi wakifukuzia panya, na mabaka ya tumboni kwake yanafanana na punje za mahindi ya rangi rangi. Hana sumu. Anaua panya kwa kuwabana. Mkubwa anafika kama futi 4 au 5, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 20, na wengine wanapita hapo. Hapa Uingereza watu wanawafuga kama sisi tunavyofuga njiwa. Kuna sheria ya mwaka 1976 ya wanyama hatari wa porini inayomtaka mtu awe na leseni kama anataka kufuga swila au nyoka mwingine mwenye sumu kali, lakini nyoka wa mahindi hayumo humo.

Haya yote mume wangu alinieleza usiku ule wa kwanza. Unafikiri nilisikia? Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, miguu nimeikunja, nalia nataka nirudishwe Muheza kwa mama yangu.

Kwa kifupi, tulikubaliana. Kizimba kiwe na kufuli. Mi simgusi, simlishi, simsafishii. Panya wake waliogandishwa wakae kwenye friji lao dogo huko stoo, sio na samaki wangu. Na tukipata mtoto, tutaongea upya. Mtoto akaja mwaka 2018, tukaongea upya, na Simba akabaki. Sio siri, kila ninaposwali nilikuwa naomba riziki, afya, na yule nyoka afe usingizini.

MSIBA

Mwezi wa sita mwaka 2022, mama mkwe wangu akafariki Dar. Mungu amlaze pema. Tiketi zilikuwa ghali na hela ilikuwa ya mtu mmoja tu, kwa hiyo mume wangu akaondoka peke yake Jumanne alfajiri kwenda kuzika. Mimi nikabaki na binti yetu wa miaka minne na Simba.

Kabla hajaondoka akaniachia karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Maji yabadilishwe kila siku. Joto la upande mmoja lisishuke chini ya nyuzi 28. Chakula asipewe, maana amegoma kula wiki kadhaa sasa, tutaangalia nikirudi. Nikaisoma mistari mitatu nikaiacha.

Sasa hapa ndo kuna jambo langu. Mnakumbuka mwaka ule umeme ulivyokuwa hapa Uingereza. Aprili 2022 bei ya juu ya umeme na gesi iliyowekwa na mdhibiti wa nishati kwa majumbani ilipanda kwa asilimia 54, kwa mkupuo mmoja! Watu wakawa wanaoga haraka haraka, wanapika mara moja kwa siku mbili. Chini ya kizimba cha Simba kuna mkeka wa umeme unaompa joto, maana nyoka hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi, analichukua nje. Mkeka ule unawaka usiku na mchana. Basi mwenzenu nikasema, kha! Sisi tunavaa soksi ndani ya nyumba, nyoka ndo aote moto usiku kucha? Jumanne usiku nikachomoa waya. Asubuhi nikachomeka. Jumatano usiku nikachomoa. Alhamisi hivyo hivyo.

Alhamisi hiyo Simba alikuwa hatulii. Huyu kwa kawaida ni kiumbe mvivu, amejilalia tu. Siku hiyo anazunguka kizimba kizima, anasukuma kona kwa pua, anaingia chini ya bakuli la maji, anatoka. Nikadhani ana njaa. Nikamwambia kwa mbali, "Subiri mwenyewe aje."

Ijumaa asubuhi nateremka na binti yangu kumwandaa aende chekechea. Mtoto ndo akaona. "Mama! Simba ametaga!"

Nikasogea. Kweli. Mayai matatu yamegandana pembeni ya kioo, marefu kama tende kubwa, rangi ya samli. Simba! Simba wa Msimbazi! Miaka yote tunamwita "yeye bwana", kumbe bibie! Na dume hajawahi kuliona. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hilo ni jambo la kawaida, nyoka jike wa aina hii anaweza kutaga mayai yasiyo na mbegu bila kukutana na dume, kama vile kuku wa mayai anavyotaga bila jogoo.

Mpaka Ijumaa usiku mayai yalikuwa tisa. Nilitaka kumpigia mume wangu nimcheke, nimwambie Simba wako ana mimba. Lakini ndo siku mama yake anazikwa. Nikanyamaza.

MAYAI MAWILI

Jumamosi hakutaga. Nikadhani amemaliza. Ila mtu yeyote aliyezaa angeona kwamba hajamaliza. Kwenye theluthi ya mwisho ya mwili wake kulikuwa na vinundu viwili, kimoja kikubwa sana. Mara anajinyoosha, mwili wote unakaza kama kamba, analegea. Anapumzika. Anakaza tena. Hakuna kinachotoka.

Sitawadanganya wapenzi wangu, maana huu ukurasa siku zote tunaambiana ukweli. Jumamosi usiku nilikaa sebuleni nikafikiri: akifa, imekuwa mapenzi ya Mungu. Nitamwambia mume wangu nilimkuta amekufa. Hatanilaumu, nyoka kagoma kula wiki ngapi. Sebule yangu itarudi kuwa sebule.

Mume wangu akapiga simu usiku huo huo. Sauti imekauka kwa kilio. Akanieleza mazishi, nani alikuja, nani hakuja. Halafu akauliza, "Na Simba, yupo?"

Nikasema, "Yupo."

Nilipokata simu nikasimama mbele ya kioo, sijui hata kwa nini, nikaanza kusoma ile karatasi yake mpaka mwisho. Mstari wa mwisho aliandika kwa herufi ndogo, kama mtu anayeona aibu: "Jioni muongeleshe kidogo, amezoea."

Nikakaa chini. Nikaona ile miaka minne. Mimi Muheza nimezungukwa na mama, dada, majirani, nalalamika kwamba mume hanijali. Yeye huku anatoka kazini saa nne usiku, baridi, giza, anafungua mlango hakuna mtu wa kumwambia hata "pole na kazi". Anakaa na kumwongelesha nyoka. Kila alipokuwa ananiambia "nipo na Simba hapa", alikuwa ananiambia ukweli mtupu, mimi ndo niliyekuwa nacheka.

Nikatazama tena kwenye kioo. Simba amekaza mwili. Binti yangu mimi alitoka kwa kisu baada ya uchungu wa siku mbili. Nikaona siwezi kumwangalia kiumbe mwenye mfuko wa uzazi akikaza hivyo, halafu nikapanda juu kulala.

Nikachomeka waya. Sikuuchomoa tena.

MAMA WA MUHEZA

Jumapili asubuhi nikampigia mama yangu. Mama hajawahi kumkubali yule nyoka, kila siku ananiambia si nyoka wa bure huyo. Nikamwambia, "Mama, yule nyoka amekwama mayai."

Nilitegemea aseme alhamdulillahi. Akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ya bandani kwake kwenye kuku: "Amekwama tangu lini?"

"Tangu juzi usiku."

"Sasa unangoja nini wewe? Kuku akikwama yai humwachi alale nalo. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu. Na usimbinye tumbo, utampasulia ndani."

Nikacheka nikalia kwa pamoja. Halafu nikaanza kupiga simu za madaktari wa wanyama. Wa kwanza akasema yeye ni mbwa na paka tu, nyoka hajui, ila akanipa namba ya daktari mwenye utaalamu wa wanyama wa jamii hiyo. Huyo wa pili, mwanamke, akaniuliza maswali kama mkunga: Ametaga mangapi? La mwisho lini? Bado anakaza? Kuna kitu kimetokeza nyuma, nyama nyekundu? Joto ni nyuzi ngapi? Ana sehemu ya kutagia?

Sehemu ya kutagia! Nani angemwekea sehemu ya kutagia Bwana Simba?

Akanielekeza. Chukua kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu anapoweza kupita, ndani weka karatasi laini za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa, liweke karibu na upande wa joto. Jike akikosa mahali penye giza na unyevu anaweza kuyazuia mayai makusudi, anangoja apate mahali pazuri, na akingoja sana misuli inachoka. Halafu maji ya uvuguvugu, ya kina kifupi, nusu saa tu, na usimwache peke yake. Akarudia maneno ya mama yangu kama vile wameongea: usimbinye, usijaribu kulisukuma yai hata kidogo. Mirija ya mayai ya nyoka ni myembamba, inachanika au inatokeza nje, na hapo umemmaliza. "Kesho asubuhi mlete wa kwanza kabisa."

Kwa hiyo ndo siku niliyomshika Simba kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mitano ya kuishi nyumba moja. Nilivaa glavu za kuoshea vyombo. Binti yangu ananielekeza: "Mama, shika katikati, baba anashika katikati." Hakuwa na utelezi kama nilivyodhani. Alikuwa mkavu, laini, na baridi. Nikamweka kwenye beseni, nikakaa chini sakafuni, na nikamwongelesha. Nilimwambia nini? Hayo yatabaki baina yetu sisi wanawake wawili.

JINA ZURI LA PAKA

Usiku ule hakutaga. Jumatatu asubuhi nikamtia kwenye foronya, nikaifunga fundo, nikaiweka ndani ya boksi la plastiki lenye matundu, pembeni chupa ya maji ya moto niliyoizungushia taulo. Gari sina, tukapanda basi. Bibi mmoja wa Kizungu akakaa karibu yangu, akaona namna nilivyolikumbatia lile boksi, akaniuliza kwa huruma, "Paka wako anaumwa?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Simba."

"Jina zuri la paka," akasema. Nikashuka kituo kimoja kabla, nisije nikacheka na kumtisha.

Daktari alimpiga picha ya mionzi na kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kile nilichopimwa mimi nikiwa mjamzito. Maganda ya mayai ya nyoka ni laini kama ngozi, hayana chokaa nyingi kama ya kuku, kwa hiyo kwenye mionzi yanaonekana kwa shida, ila mawimbi ya sauti yanaonyesha. Yalikuwemo mawili, na lile la nyuma, la kutangulia kutoka, ni kubwa na limekaa vibaya.

Akanieleza sababu zinazowafanya nyoka wa kufugwa wakwame. Wengine yai lenyewe ni kubwa mno au limeharibika umbo. Wengine wana maambukizi ndani. Lakini mara nyingi ni maisha tunayowapa: wanakosa sehemu ya kutagia, wanakosa maji ya kutosha, joto haliko sawa, na wamenenepa kwa kulishwa sana bila kutembea, misuli imelegea. Porini huyu angepanda miti na kuzunguka usiku kucha. Kwetu amekaa kwenye kioo anapendwa kwa panya.

Nikamuuliza, "Kama joto lilizimwa usiku mara tatu hivi?"

Akanitazama. "Peke yake pengine lisingetosha kumkwamisha. Lakini halikumsaidia. Misuli ya nyoka ikiwa baridi haifanyi kazi."

Wapenzi, sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile.

Akamwekea maji mwilini kwa sindano, akamweka kwenye joto, halafu akampiga sindano ya homoni ile ile wanayotumia leba kuongeza uchungu. Akaniambia mapema kwamba kwa nyoka dawa hii haina uhakika kama kwa wanyama wengine, inafaa zaidi ukiwahi, na haipigwi ovyo, maana kama njia imezibwa kabisa mnyama atakaza mpaka achanike. Tukangoja. Saa tisa alasiri likasogea lile la nyuma, taratibu, likatoka! Lile kubwa! Nilipiga kigelegele pale hospitali ya wanyama, mbwa wote wakabweka.

La pili likagoma. Jumanne asubuhi tulirudi, akasema sasa tunatumia sindano. Alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha sindano nyembamba tumboni katikati ya magamba mpaka ndani ya yai, akavuta ute na kiini, yai likasinyaa kama puto. Nalo hilo lina hatari yake, ute ukivujia tumboni unaleta maambukizi, ndo maana ni kazi ya daktari tu. Na lina muda wake. Yai likikaa siku nyingi ndani linakuwa gumu, sindano haivuti tena kitu, inabaki kisu. Aliniambia ningengoja mpaka wiki iishe tungekuwa tunaongelea kisu, au tusingekuwa tunaongea kabisa.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri niliamka nikashuka na kanga yangu. Ndani ya kopo la kutagia kulikuwa na kitu bapa, cha njano, kama ganda la ndizi. Na Simba amejikunja upande wa joto, mwembamba, amelala.

Gharama zote, pauni 380. Ilikuwa zamu yangu ya mchezo na kinamama wenzangu wa Kitanzania hapa mjini, hela niliyoipangia koti la baridi na la mtoto. Shosti mmoja alipojua akanipigia anapiga kelele: "We mwanamke! Hela ya mchezo unampeleka nyoka leba?" Ndiyo. Nilimpeleka leba.

UKWELI UNA SAA YAKE

Mume wangu akarudi baada ya wiki mbili. Amekonda. Alipoingia alinikumbatia mimi, akambeba mtoto, halafu macho yakaenda kwenye kizimba. Akaona lile kopo. Akaona karatasi yake bado imebandikwa.

Wapo mashoga walionishauri nimwambie nusu. Mwambie ulivyomwokoa, ya waya kaa nayo. Nani atajua? Ni ushauri mtamu, na nusura niufuate, maana nusu ile ilikuwa inanipendeza: mimi shujaa, mimi na basi, mimi na pauni zangu. Lakini nilijijua. Siku tukigombana ningemrushia ule wema wangu usoni, na huku moyoni najua nimeuficha ubaya chini yake.

Nikangoja ale, aoge, alale usingizi wa siku nzima. Kesho yake mtoto akiwa chekechea nikamkalisha mezani nikamweleza lote. Maombi yangu ya miaka mitano. Waya. Jumamosi usiku. Sikuruka kitu.

Alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ile kimya ndo iliyoniumiza. Halafu akasema, "Mkeka ule ni wati 20 mke wangu. Usiku mzima haufiki peni 6."

Nikasema, "Sasa najua."

"Ungeniambia bili zinakutisha."

"Na wewe ungeniambia miaka minne ulikuwa unaongea na nyoka kwa sababu huna mtu wa kuongea naye."

Hapo akainama. Tangu arudi msibani alikuwa hajalia mbele yangu. Siku hiyo alilia, kwa mama yake, na kwa mengine ambayo nadhani ni ya zamani zaidi. Alikasirika kuhusu waya, msidhani hakukasirika, siku tatu nzima alikuwa ananijibu "ndiyo" na "hapana". Ya nne akaniuliza, "Hivi ulipanda naye basi kweli?" Nikamsimulia ya yule bibi. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila akiwa na wageni lazima aniambie nisimulie basi.

Na bili zikija sasa tunazifungua pamoja, mezani.

Simba yupo. Jina hatukubadilisha, ila mimi namwita Mama Simba. Analishwa kwa kiasi, ana kopo lake la kutagia kila mwaka siku zikianza kurefuka, na mume wangu amejifunza dalili. Simlishi bado. Ila jioni mume akiwa zamu ya usiku, huwa nampitia nikamwambia maneno mawili. Daktari alisema nyoka hana masikio ya nje, pengine anahisi mtikisiko tu. Haidhuru. Mtikisiko nao ni kitu.

KWA WALE WENYE KUKU NA WENYE NYOKA

Najua mtaniandikia, kwa hiyo nawawekea hapa.

Kwa mlioko nyumbani: msiende porini kumkamata nyoka mkasema mmesoma kwangu! Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huruhusiwi kumkamata mnyamapori bila kibali, na wengi wa kwetu wana sumu. Ukitaka kuwaona, nenda sehemu zenye ruhusa, kama pale Meserani karibu na Arusha.

Kwa mlioko nje mnaoishi na nyoka jike anayetaga: akigoma kula, akanenepa kuelekea mkiani, akajivua gamba, kisha akawa hatulii, muwekee sehemu ya kutagia mara moja. Kwa nyoka wa mahindi mayai huja kama wiki moja hadi mbili baada ya lile gamba. Akitaga machache akasimama na bado unaona vinundu, ukafika usiku wa pili, piga simu. Akiwa anakaza bure, amelegea, au kuna nyama imetokeza nyuma, usingoje hata huo usiku wa pili.

Kwa wenye kuku, ambao ndo wengi: kuku aliyekwama anasimama wima, mkia chini, anakaza, anaenda kwenye kiota na kurudi mtupu, hali. Mtenge mahali pa joto na giza, mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, mkaushe vizuri, mpe maji ya kunywa. Kwa kuku upungufu wa chokaa ni sababu kubwa, kwa hiyo wape maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa au chakula maalumu cha kuku wa mayai. Yai lisivunjwe ndani. Likigoma, muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Na kwa wenye waume na wake: nenda kaisome ile karatasi mpaka mstari wa mwisho. Kila mtu ana kitu alichokaa nacho kabla hujafika. Si lazima ukipende. Muulize tu kilimsaidia nini.

Niandikieni mwezi huu, mwenzako alikuja na nini? Za kuchekesha tutazichapa. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Nawapenda!